Watoto Hawakufunga

Hukumu ya kwanza aliyopewa Paul Nthenge Mackenzie baada ya Shakahola haikuwa ya mauaji. Ilikuwa ya filamu. Tarehe 1 Desemba 2023, mahakama ya Malindi ilimhukumu kifungo cha miezi 12 kwa kuendesha studio na kusambaza filamu bila leseni ya bodi ya filamu. Kesi yenyewe ilikuwa ya tangu 2019. Hakimu anasoma hukumu hiyo, tayari miili zaidi ya 400 ilikuwa imefukuliwa msituni.

Ni rahisi kuicheka. Lakini mimi naandika kuhusu filamu, vitabu na vipindi, na naona mahakama, bila kukusudia, ilishika mkia wa jambo. Mackenzie alikuwa mtu wa kamera. Kabla ya msitu kulikuwa na Times TV, kulikuwa na klipu za mahubiri zinazozunguka mitandaoni, na wengi waliotoka kaunti za mbali walimjua kwenye skrini kabla ya kumjua ana kwa ana. Mtu alimtazama jioni baada ya kazi, akamtazama tena kesho yake, mwisho akafunga virago.

Ila filamu ninayotaka kuizungumzia si yake. Ni yetu. Ni ile tunayoitengeneza juu yake tangu Aprili 2023 kwenye makala za runinga, podikasti, video za dakika kumi za YouTube na stori za ndani ya matatu. Nimemaliza bando nyingi kuzitazama. Ukiona tatu umeziona zote.

Droni inapita juu ya vichaka vya Shakahola, muziki wa huzuni chini chini. Watu waliovaa suti nyeupe wanabeba mfuko. Kisha uso: Mackenzie mahakamani na koti lake la waridi, anatabasamu, au tunadhani anatabasamu, na picha inasimamishwa hapo. Sauti inauliza, mtu huyu aliwezaje? Mtaalamu anakuja kusema haiba, ushawishi, kuoshwa akili. Manusura mmoja analia. Droni tena. Mwisho.

Swali la aliwezaje si baya. Ubaya ni kwamba linampa kitu alichokuwa nacho tangu zamani, nafasi ya mhusika mkuu. Sisi tunakuwa hadhira yake na waliokufa wanakuwa tarakimu pembeni mwa skrini.

Hebu toa muziki, usome wasifu wake kama unavyosoma faili. Dereva wa teksi Malindi. Mwaka 2003 anaanzisha kanisa la Good News International. Anahubiri kwamba shule ni ya shetani, hospitali si ya mtu wa imani, Huduma Namba ni alama ya mnyama. Mwaka 2017 anashtakiwa. Mwaka 2019 anashtakiwa tena, kanisa linafungwa, anahamia msituni. Machi 2023 anakamatwa kuhusiana na vifo vya watoto wawili waliodaiwa kufa kwa njaa mikononi mwa wazazi wao, kisha anaachiliwa kwa dhamana ya shilingi 10,000. Katikati ya Aprili polisi wanaingia Shakahola na kukuta watu ambao hawawezi hata kusimama. Ijumaa ya tarehe 21 ufukuaji unaanza.

Sioni uchawi wowote humo. Naona ofisi zilizopokea habari. Simu ya kawaida pale Ukunda inakaribia bei ya dhamana ile.

Ndiyo maana nasema kazi bora kuhusu Shakahola mpaka sasa hazina droni wala muziki. Ya kwanza ni ripoti ya kamati ya Seneti iliyoongozwa na Danson Mungatana, ya Oktoba 2023. Ya pili ni ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, ya Machi 2024. Lugha yake ni kavu, najua, na hakuna atakayezisikiliza akiwa jikoni. Lakini swali lake ni jingine kabisa: nani aliambiwa, lini, na akafanya nini? Seneti ikasema mfumo wa haki ulishindwa kumzuia mtu ambaye rekodi yake ilikuwa wazi. Tume ikasema maafisa wa usalama wa Malindi walizembea na kutelekeza kazi yao. Baada ya kusoma hizo, ukirudi kwenye makala za droni unaona zinavyomwacha afisa fulani apumzike. Kama Mackenzie ni jini, basi nani angemzuia jini?

Ubaya wa pili uko kwenye lugha, na huu ndio unaoniuma zaidi. Ni kitenzi kimoja tu.

"Waumini waliofunga hadi kufa." Umeisikia mara ngapi? Iko kwenye taarifa za saa moja, iko magazetini, iko midomoni mwetu. Kwa Kiswahili anayefunga ndiye mtendaji. Amenuia mwenyewe, ameanza mwenyewe, na akizidiwa atafungua mwenyewe. Hapa Gazi neno hilo tunalijua kwa mwili. Ramadhani ikiingia, mtoto wa miaka saba akitaka kufunga kama wakubwa mama humwacha ajaribu. Ikifika adhuhuri midomo imemkauka, anaitwa jikoni, anapewa uji, anaambiwa umefunga vizuri, kesho utajaribu tena. Mtoto halazimishwi. Mgonjwa ana ruhusa, mjamzito ana ruhusa, msafiri ana ruhusa. Na jua likizama kuna futari. Majirani zetu Wakristo nao wanafunga siku zao kisha wanafungua. Funga isiyo na kufungua haina jina katika dini yoyote ninayoijua.

Sasa weka hesabu mezani. Februari 2024, Mackenzie na wenzake 29 walisomewa mashtaka katika Mahakama Kuu ya Malindi ya kuua watoto 191. Mia moja na tisini na mmoja, na hao ni watoto peke yao. Mombasa kuna mashtaka ya kuua watu 238 bila kukusudia, na mengine ya ugaidi. Waliposomewa walikana, na kuhukumu ni kazi ya mahakama, si yangu. Lakini manusura na wapelelezi wameeleza kwamba kulikuwa na zamu: watoto kwanza, kisha vijana ambao hawajaoa wala kuolewa, kisha wanawake, kisha wanaume, na viongozi mwisho kabisa. Mpasuaji mkuu wa serikali, Johansen Oduor, alikuta njaa kwenye miili mingi, na pia akakuta walionyongwa, waliozibwa pumzi na waliopigwa.

Mtoto ambaye mtu mzima amemweka kwenye zamu, mtu mzima amemnyima maji, na mtu mzima amesimama hapo akingoja, huyo hakufunga. Lugha yetu haijakosa maneno. Alinyimwa chakula. Aliuawa kwa njaa. Na kama mhariri lazima atumie neno la Mackenzie, basi aliweke kwenye kauli inayosema kweli: alifungishwa.

Hivyo hivyo neno "wafuasi". Miili 429 yote tunaiita wafuasi wa Mackenzie. Mtoto wa miezi minane alimfuata nani? Alibebwa.

Mtu atasema hizi ni kelele za maneno tu, watu wamekufa na wewe unasahihisha sarufi. Nitamjibu kwa mifano miwili. Kanungu, Uganda, tarehe 17 Machi 2000: kanisa la kikundi cha Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde liliungua na mamia ya watu ndani. Siku za kwanza dunia nzima iliandika kwamba wamejiua. Kisha polisi wakaanza kufukua mashimo kwenye nyumba nyingine za kikundi hicho, wakakuta mamia ya miili ya watu waliokufa kabla ya moto, na neno likabadilika kuwa mauaji. Lakini lilibadilika baada ya kamera kuondoka, na mpaka leo hakuna kiongozi aliyesimamishwa mahakamani.

Jonestown, Guyana, tarehe 18 Novemba 1978: watu 918 walikufa siku ile, karibu 300 wakiwa watoto. Ikaitwa kujiua kwa pamoja, na Kiingereza kikapata msemo wa utani kuhusu kunywa kinywaji, ambao watu ofisini wanautumia hadi leo. Lakini watoto wachanga walimiminiwa sumu mdomoni kwa bomba la sindano, na walinzi wenye bunduki walikuwa wamesimama pembeni. Manusura wametumia miaka zaidi ya 40 kujaribu kuling'oa neno moja. Neno likishaingia kwenye utani, kulitoa ni kazi ya maisha. Sisi tuna miaka michache tu tangu Shakahola na tayari utani wa "nitakupeleka kwa Mackenzie" unasemwa kwa mtu aliyekosa chakula cha mchana.

Na hapa Kenya kitenzi kibaya kilipata hata nambari ya kesi. Juni 2023, watu zaidi ya 60 waliookolewa Shakahola walikataa kula kwenye kituo walikohifadhiwa. Serikali iliwafanya nini? Iliwapeleka mahakama ya Shanzu kwa kosa la kujaribu kujiua. Mtu ametolewa msituni na mifupa yake, pengine ameshazika mtoto, bado anaamini kila alichoambiwa, na jibu la dola ni kumfungulia mashtaka. Hiyo ndiyo maana ya kusema walifunga: kama ni uamuzi wao, basi ni kosa lao. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho cha kuwaadhibu wanaojaribu kujiua kinakiuka Katiba. Ilikuja kwa kuchelewa, lakini ilikuja.

Simaanishi watu wazima wote walikuwa mawindo wasio na lawama. Hapo ndipo stori inakuwa ngumu, na ndipo makala nyingi zinakimbia. Baba aliyemnyima mwanawe maji huku akilia, akiamini anampeleka kwa Yesu kabla dunia haijaisha, ni nani? Amedanganywa, na ameua. Yote mawili. Kiswahili cha taarifa ya habari hakina nafasi ya mtu wa aina hiyo. Kinataka mwathiriwa huku na mshukiwa kule. Hadithi fupi ingeweza kumbeba, au riwaya. Nasubiri mwandishi wa pwani atakayeingia humo bila kumpa Mackenzie hata ukurasa mzima.

Kwa nini mtu wa Gazi anajisumbua na mambo ya Malindi? Hilo swali nimeulizwa hapa hapa, na ami yangu, mvuvi, tukiwa tumekaa tunangoja mashua. "Hayo ni ya watu wa bara na Biblia zao, mwanangu," akaniambia. "Huku hayafiki."

Nikamwambia, "Ami, huyo mtu anatajwa kuwa mzaliwa wa Lunga Lunga."

Akageuka. "Wa nani pale?"

Ndivyo tunavyouliza pwani, mtu ni wa nani. Sikuwa na jibu, na sidhani linahitajika. Lakini Lunga Lunga ni kaunti yetu. Matatu zinazokwenda huko zinapita njia panda ya Gazi kila siku. Kumweka Mackenzie kule kaskazini, kwenye dini nyingine na kabila jingine, kunatupa usingizi tu.

Tena sisi wa kusini tuna deni letu kwenye stori hii, kwa sababu ya maneno mengine mawili: itikadi kali. Kwa miaka mingi huku Kwale maneno hayo yamekuwa na sura moja, kijana Muislamu wa Ukunda au Msambweni. Vijana walitoweka, wengine wakauawa, na mashirika kama Haki Afrika na MUHURI yakaandika ripoti ambazo serikali haikuzipenda. Mombasa, Februari 2014, polisi waliingia Masjid Musa na viatu na bunduki. Mackenzie naye alishtakiwa kwa itikadi kali, lakini maneno hayakumkaa mwilini. Kwenye kesi ile ile ya 2019 mahakama ilimwona na hatia ya filamu, ikamwachilia kwa madai ya kueneza itikadi kali. Alikuwa pasta mwenye kipaza sauti na stesheni ya runinga. Sitamani naye angetoweka. Hakuna anayestahili hivyo. Nasema macho ya serikali yalikuwa yamefundishwa kutazama upande mmoja, msikitini, na njaa ikapita upande wa pili ikiwa imebeba Biblia.

Kuna jambo jingine makala za droni haziligusi: kwa nini mahubiri yake yalikuwa na ladha. Zinatuonyesha maneno ya ajabu, shule ni ya shetani, kisha zinatuachia tucheke. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo. Nyumbani walikuwa wameuza vya kuuza. Kijijini kwetu kuna wenye digrii wanaoendesha bodaboda, na wengine wanaongoja msimu wa watalii Diani wapate kazi ya miezi mitatu. Mtu akisimama mbele yako akasema shule ilikuwa uongo, hatua ya kwanza ya mahubiri hayo haisikiki kama wazimu. Inasikika kama mtu aliyeiona risiti yako. Hospitali ni hivyo hivyo. Ukiwa umewahi kukaa na mgonjwa kwenye foleni kutoka alfajiri, mwisho mkaambiwa dawa mkanunue nje, anayekwambia usiende tena anakwambia jambo ambalo miguu yako ilishalifikiria.

Mackenzie aliyachukua malalamiko ya kweli akayaelekeza shimoni. Mkosoaji wa kweli wa mahubiri yake lazima aanzie kwenye sehemu iliyo kweli, la sivyo hataelewa kwa nini mtu mwenye akili timamu, na waliokwenda walikuwemo waliosoma na wenye kazi zao, aliuza mali akahamia msituni kwenye vijiji vilivyopewa majina ya Bethlehemu na Galilaya. Tukibaki na "wajinga waliodanganywa", tunajitoa sisi kwenye hatari. Na hatari haijatutoa sisi.

Ushahidi wa hilo ulitoka ardhini mwaka 2025. Julai na Agosti, makaburi mapya yalipatikana Kwa Binzaro, eneo lile lile la Chakama, si mbali na Shakahola. Miili zaidi ya 30. Mackenzie yuko kizuizini tangu Aprili 2023. Kama stori ilikuwa ya uso mmoja na tabasamu moja, basi kumfungia huyo mwenye uso kungetosha. Haikutosha. Watu walirudi kwenye vichaka vile vile, na vifo vikaendelea hadi makaburi yakajaa, huku nchi nzima ikiwa imeshaona kila makala ya droni inayowezekana. Kwa hiyo zile makala, pamoja na machozi yake yote, hazikumlinda mtu yeyote. Zilitufundisha kumtambua Mackenzie. Hazikutufundisha kutambua jirani aliyeacha kupeleka watoto shule, akauza mbuzi wake wote kwa wiki moja, akaondoka bila kuaga.

Tungeisimulia vipi basi? Mimi ningeanzia mochari ya Malindi. Machi 2024, karibu mwaka mzima tangu ufukuaji, ndipo familia za kwanza zilipokabidhiwa miili. Wakati huo, kati ya miili 429 ni 34 tu iliyokuwa imetambuliwa kwa DNA. Kumtambua maiti kwa njia hiyo kunahitaji ndugu aliye hai aje atoe sampuli. Sasa fikiria familia iliyokwenda msituni yote, baba, mama, watoto. Nani atakuja? Fikiria mtoto aliyezaliwa kule kule, asiye na cheti cha kuzaliwa kwa sababu mhubiri alikataza karatasi za serikali, asiyewahi kupimwa uzito kliniki wala kuitwa jina darasani. Jina lake, kama alipewa, walilijua watu wachache sana, na huenda wamelala kwenye mifuko ya jirani.

Huyo hana klipu. Hana picha ya kusimamisha kwenye skrini, na hakuna muziki utakaomfaa. Kitu pekee ambacho mwandishi anaweza kumpa ni sentensi moja iliyo sahihi, yenye mtendaji na mtendwa kila mmoja mahali pake. Wahariri wa taarifa za saa moja wanaweza kuanza na hiyo leo jioni, bila droni, na haitawagharimu kitu.